Tuta la Mbele ya Karakana

Mimi ni fundi wa makochi, na sisemi hivi kwa unyenyekevu. Kiti nilichokishona mimi hukaliwa na baba, kikarithiwa na mtoto, na mjukuu akaja kuniuliza kama ningali hai nimbadilishie kitambaa. Karakana yangu iko kando ya barabara iendayo hospitali, na mbele yake pana tuta. Si tuta la mchezo. Waliolijenga walikuwa na kinyongo na magari. Nimeona lori likiacha bampa pale, nimeona mtu wa pikipiki akiokota mayai yaliyobaki mazima, na wateja wanaoniletea viti kwa mkokoteni hulitukana kwanza ndipo wanisalimu.

Mtu mmoja tu hakulipunguzia mwendo tuta hilo, naye ni mke wangu.

Mke wangu anaendesha gari la wagonjwa. Hospitali nzima humwita Dereva, kana kwamba hakuna dereva mwingine duniani, na hata mimi nyumbani namwita hivyo hivyo, maana jina hilo alilitolea jasho. Alikuwa akilikaribia tuta anapiga honi mara mbili, hizo salamu zangu, kisha gari linaruka na kutua upande wa pili, naye ameshaingiza gia nyingine. Ilikuwa honi tu. King'ora hakukigusa kwa ajili yangu hata siku moja, maana kwake king'ora ni cha mgonjwa. Wateja wakishtuka nawaambia, "Huyo ni wangu." Wengine walidhani nazungumzia gari.

Hata kujuana kwetu kulitokana na kiti. Hospitali ilinipa kazi ya kushona upya kiti cha dereva wa gari hilo, nikaenda kupima, nikamkuta amesimama mlangoni mwa gari, mikono kiunoni. "Fundi," akasema, "usinitengenezee kiti cha kulalia. Nataka kiti kinachoniambia barabara ikoje." Nilimtazama nikajua nimekwisha. Kazi ile niliimaliza mapema, halafu nikaanza kutafuta kasoro za uongo ili nipate sababu ya kurudi kuzirekebisha.

Alipopata mimba aliendelea kuendesha hadi tumbo na usukani vilipoanza kugombana. Mkuu wa usafiri, bwana mmoja wa tai na sauti ya chini, akampa likizo na kumkabidhi ufunguo jamaa aliyekuwa akiendesha gari la dawa. Jamaa huyo tunamwita Breki, kwa sababu hajui kupunguza mwendo, anajua kusimama tu. Mkuu akamwambia mke wangu, "Ukirudi tutaona. Chumba cha simu kina nafasi nzuri kwa mama mwenye mtoto mchanga. Hakuna mitikisiko." Aliyasema kwa wema, na huo wema ndio uliochoma. Dereva alimshukuru vizuri, akaja nyumbani, akafunga kabati kwa nguvu hadi bawaba ikalegea.

"Kiti changu hakikai mtu mwingine," akaniambia. Tangu siku hiyo hakuwa na wazo jingine.

Alijifungua mchana, katika hospitali yake mwenyewe, binti mwenye mabega ya mpagazi. Mtoto alitoka salama, mama akachanika. Mkunga mkuu ndiye aliyemshona. Huyu tunamwita Bi Miwani, kwa sababu ana miwani miwili, mmoja usoni na mwingine kichwani, na muda wote anautafuta mmojawapo. Aliniita kando ya kitanda akanieleza bila kuzunguka.

"Baba mtoto, mkeo amechanika msamba, hapa kati ya njia ya mtoto na njia ya haja kubwa. Si ngozi tu, hata nyama. Nimeshashona, na nyuzi zitayeyuka zenyewe. Sasa kazi ni yenu."

Mimi nikatazama dari.

"Usimwambie yote kwa mpigo," Dereva akasema. "Atazimia, na gari halina dereva."

Bi Miwani hakucheka. "Kila akitoka chooni ajioshe kwa maji safi ya uvuguvugu, kutoka mbele kwenda nyuma. Ajikaushe kwa kugusagusa, asisugue. Pedi abadilishe mara kwa mara, hata kama haijajaa, na mikono aoshe kabla na baada. Siku hizi za kwanza pamevimba, basi barafu ifungwe kwenye kitambaa safi, aweke kidogo, atoe. Dawa ya maumivu ameze kwa saa zake, asingoje mpaka aumie. Haiharibu maziwa. Halafu asipake kitu kingine huko, si chumvi, si dawa ya kufanyia usafi, si majani ya jirani. Alale ubavu. Asikae sana."

Asikae sana. Ukimwambia fundi wa makochi kwamba mkewe hawezi kukaa, umemchokoza. Nilirudi karakana nikakata sponji bora kuliko zote nilizokuwa nazo, nikashona mto wa duara wenye tundu katikati, nikauvalisha kitambaa laini cha zambarau na kuuzungushia ukingo wa uzi mara mbili. Nikaubeba hadi wodini nikiwa nimeushika juu ili watu wauone.

Bi Miwani alibadilisha miwani. "Umeshonwa vizuri mno," akasema. "Tatizo ni tundu. Akikaa hapa, kidonda kinabaki kinaning'inia, uvimbe unaongezeka na nyuzi zinavutwa. Ahsante, fundi, lakini hapana."

Wauguzi wakavunjika mbavu. Mama mkwe wangu, aliyekuwa amempakata mjukuu pembeni, akauchukua mto, akaugeuza huku na huku, akasema ni kata nzuri ya kubebea ndoo, ila kwa mtu aliyevimba kichwa. Kwa kawaida mimi na mama mkwe tunaheshimiana sana, yaani hatuzungumzi. Siku hiyo alivunja mwiko.

Tukarudi nyumbani na mama mkwe akaja kukaa nasi. Yeye alishika mtoto na jiko, mimi nikashika maji, ndoo na barafu, na Dereva aliambiwa ashike kitanda. Nikimuuliza dawa anasema amemeza. Nikimuuliza maumivu anasema, "Ya kawaida." Alikuwa akijikaza kisabuni, nami nikadhani ndivyo watu wanavyopona.

Mchana mmoja nilisahau mkasi nyumbani, nikarudi kuuchukua. Mama mkwe alikuwa uani anamwogesha mtoto. Jikoni nilimkuta mke wangu ameketi kwenye kigoda cha mbao, kitupu, hakina hata kitambaa. Mgongo ulikuwa umenyooka. Mikononi ameshika sinia mbele yake, anaipindisha kulia, anairudisha kushoto, na mguu unakanyaga sakafu, unaachia, unakanyaga. Macho yalikuwa ukutani. Jasho lilikuwa linamtiririka hadi shingoni.

"Unafanya nini?"

"Naendesha," akasema, bila kugeuka.

"Kwenda wapi?"

"Popote. Najizoesha kukaa. Jana nimefika mbali kuliko juzi." Akaweka sinia chini polepole. "Mkuu akiniona nakaa upande upande, chumba cha simu kinanisubiri. Nikirudi, nirudi ninakaa kama mtu."

Nilitaka kugomba, lakini kwanza nikauliza habari ya dawa. Akanionyesha kwa kidevu sare yake iliyotundikwa nyuma ya mlango. Nikatia mkono mfukoni nikavikuta vidonge vyote, vimo ndani ya karatasi yake, hakuna hata kimoja kilichotolewa.

"Dereva hamezi kidonge," akasema.

"Gari liko wapi?"

"Ni mazoea, mume wangu. Tangu nilipoanza kazi sijameza kitu cha kunipunguzia akili. Kichwa kikiniuma naendesha nacho. Nikianza leo, siku ya kazi nitashindwa kuacha."

Nikamshika mkono ili anyanyuke. Mkono ulikuwa wa moto. Halafu nikasikia harufu. Mimi ni mtu wa gundi na vanishi, pua yangu ilishakufa nusu, lakini harufu ile ilinifikia.

"Acha niangalie," nikasema.

Alikataa kwa kichwa. Akaitazama sare ile. Kisha akaenda chumbani, akalala ubavu karibu na dirisha, akajifunika uso kwa mkono. "Angalia," akasema, "lakini usiniambie kwa sauti."

Nimeshona maisha yangu yote. Najua mshono mzuri, najua mshono uliovutwa, na najua mshono ulioachia. Kingo mbili zilikuwa zimeachana, nyekundu, zimevimba, na katikati pana usaha. Uzi wa Bi Miwani ulikuwa umefanya kazi yake vizuri. Kigoda ndicho kilichomshinda. Nilimfunika shuka, nikakaa sakafuni karibu na uso wake.

"Umeachia," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Twende hospitali."

"Siendi."

"Kwa nini?"

"Wale ni wenzangu." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Mlinzi wa getini tunataniana kila asubuhi. Wauguzi nawabeba, nagombana nao, nawachekesha. Nikilala pale miguu imepanuliwa, kesho nitawaamrisha vipi? Siku ya kujifungua ilikuwa lazima. Leo ni aibu tu."

Hapo hasira ilinipanda, nashukuru ilipanda. Nikamuuliza, "Ukiitwa nyumba ya mtu ukamkuta mke wake ana homa, kidonda kimeoza, na mume amekaa tu kwa sababu mke amemwambia anaona haya, yule mume unamwambia nini?"

"Namtukana."

"Basi nitukane mimi. Anza sasa hivi, kwa sababu nimekaa."

Alinitazama. Mlangoni mama mkwe alikuwa amesimama na mtoto begani, amegeuzia uso ukutani kwa heshima.

"Piga simu, baba," akaniambia. "Mimi sijasikia kitu. Lakini piga simu."

Breki alifika na king'ora kikilia mtaa mzima. Watu wakatoka nje. Dereva, akiwa amejiegemeza kwangu, akakunja uso. "Nani amemwambia awashe king'ora?"

"King'ora ni cha mgonjwa," nikamkumbusha.

Machozi yakamjaa. Kwa miaka yote aliyokuwa akikiwasha, ilikuwa mara yake ya kwanza kupigiwa.

Tukamlaza nyuma kwenye machela, ubavu, mama mkwe akakaa mbele na mtoto, mimi nikachuchumaa kando yake nimemshika bega. Gari lilipoanza kwenda, hakukaa kimya hata mahali pamoja. "Breki, gia ya pili. Acha klachi taratibu, siyo unaitupa. Mbele kuna shimo kulia, shika kushoto. Siyo kushoto hivyo, utamgonga muuza maji." Alikuwa haoni kitu, amelala anatazama ukuta wa gari, na barabara yote anayo kichwani. Kwa homa ile na maumivu yale, alijua tulipo kuliko mwenye usukani. Nilimtazama nikajivunia, ingawa haikuwa saa ya kujivunia.

Kisha tukafika kwenye karakana yangu. Breki, maskini, alitaka kumheshimu. Akapiga honi mara mbili, akakanyaga mafuta, akaliruka tuta.

Machela ilipanda, ikashuka. Sauti aliyoitoa mke wangu sijawahi kuisikia tena na sitaki kuisikia. Wakati wa kujifungua hakulia. Hapo alilia.

Breki akasimama ghafla, kama kawaida yake, akageuka uso umemsawijika. "Nisamehe, Dereva. Wallahi nilidhani... ndivyo unavyolipita wewe."

Dereva alikuwa ameuma shuka. Ilimchukua muda kuliachia.

"Kumbe hivi ndivyo walivyokuwa wanasikia," akasema.

"Kina nani?" nikauliza.

"Wote niliowabeba." Akafumba macho. "Nenda, Breki. Polepole."

Hospitalini hakuna aliyecheka. Mlinzi alifungua geti akatazama pembeni. Bi Miwani alinawa mikono, akavaa glavu, akavuta pazia, akafanya kazi yake huku akizungumza kama mtu anayepepeta mchele.

"Uliogopa nani atakucheka? Mimi? Mimi nilishonwa hapahapa, kitanda kile cha pale, na mwanafunzi aliyekuwa anatetemeka kiasi cha kuniomba mimi nimshikie taa. Unaniona sitembei?"

Dereva alicheka, na kucheka kulimuuma, akaacha.

Bi Miwani alitoa nyuzi zilizobaki zikining'inia, akasafisha, akaagiza dawa ya kuua vijidudu. "Leo sishoni tena," akasema. "Kidonda kichafu hakifungwi mlango. Tutakiacha wazi, na mkikisafisha vizuri kitajaa chenyewe kutoka chini kuja juu. Hakitachukua siku moja. Na hivi vidonge vya maumivu nimesikia havijamezwa."

"Mimi ni dereva," mke wangu akaanza.

"Ufunguo wa gari uko wapi?"

"Kwa Breki."

"Basi leo wewe si dereva, wewe ni mgonjwa. Na hiki si kidonge cha kulevya. Mtu mwenye maumivu hatembei, halali, hanyonyeshi kwa raha, na choo anakiogopa kama polisi. Sikupi ili ujisikie vizuri. Nakupa ili upone. Ukirudi kwenye usukani utakuwa umeshaacha." Akamwekea viwili kwenye kiganja na kikombe cha maji. "Meza."

Alimeza. Ndipo Bi Miwani akauliza nani atakuwa akimsaidia kusafisha kidonda, maana kwa pale kilipo mwenyewe hakioni. Mama mkwe akainamisha kichwa; macho yake hayaoni vizuri vitu vya karibu na alijua. Nikasema, "Mimi."

Bi Miwani alinipima kutoka juu hadi chini kwa miwani yote miwili. "Osha mikono," akasema. "Njoo nikufundishe."

Nilifundishwa. Sijawahi kuwa mwanafunzi msikivu kama siku ile. Tulipoachiwa kurudi nyumbani, nilijua kumwaga maji kutoka kwenye jagi kwa kasi inayofaa, nilijua kukausha bila kusugua, na nilijua rangi gani ni ya kufurahia na ipi ni ya kukimbilia hospitali. Kucha zangu, ambazo gundi ilikuwa imeziganda tangu ujana, nilizisugua hadi zikang'aa, na wateja wakaniuliza kama nimebadilisha kazi.

Kigoda nilikipasua kuni. Badala yake nikashona mto mrefu mgumu kiasi, wa kumwegemeza mgongo alale ubavu bila kubingirika, na mwingine mdogo wa kuweka katikati ya magoti. Bi Miwani aliuona ule mrefu siku tuliyorudi kupimwa, akaubonyeza, akaulalia mwenyewe kwenye benchi la wagonjwa. "Huu sawa," akasema. Hayo ni maneno mawili tu, na mimi bado ninayo.

Jambo lililomtisha Dereva kuliko yote lilikuwa choo. Mwanamke aliyepita kwenye mafuriko akiwa na mgonjwa nyuma aliogopa choo. Mama mkwe akamwendea kwa maharage, mboga za majani, mapapai na maji, maji, maji, na Bi Miwani akaongeza dawa ya kulainisha. Siku ilipofika, mama mkwe alikaa nje ya mlango wa bafu na mtoto, mimi nikasimama na jagi langu, na kwa mara ya kwanza tukawa na jambo la kuzungumza.

"Amekula mapapai?" nikauliza.

"Mengi." Kisha akasogea mlangoni. "Mwanangu, shikilia pedi safi hapo mbele, pabane kidogo. Usijikamue. Pumua."

Mtoto akapiga chafya. Ndani maji yakamwagika, na sauti ya mke wangu ikatoka imejaa mshangao. "Tayari. Halafu hakijauma sana."

Mama mkwe aliinuka akanipa mkono. Hatukuwa tumepeana mkono tangu harusi.

Kidonda kikaanza kujaa. Siku baada ya siku niliona wekundu wa hasira ukitulia na kuwa waridi, usaha ukakoma, na kingo zikasogeleana zenyewe bila uzi. Nimefanya makochi ya watu wakubwa, lakini hakuna kochi nililowahi kulijivunia kama mahali pale ambapo hapana mtu atakayepaona. Nilimwambia hivyo. Akasema nina wazimu, lakini alisema huku amenishika sikio.

Maumivu yalipopungua, vidonge vikapungua, kisha vikakoma. Hakushindwa kuviacha. Bi Miwani akampa mazoezi ya kukaza na kuachia, kama mtu anayezuia mkojo, naye akayafanya huku mkono ukibadilisha gia hewani. Akaanza kukaa, kwanza kitandani, baadaye kwenye kochi letu, baadaye mezani. Hakuna aliyemharakisha na yeye mwenyewe hakujiharakisha. Jioni alikuwa akimnyonyesha mtoto ameketi, na mimi nikimtazama alivyokaa, mabega yamelegea, hana jasho.

Bi Miwani alipomwambia amepona, Dereva hakuja nyumbani kwanza. Alinyooka hadi kwa mkuu wa usafiri. Mkuu akarudia maneno ya chumba cha simu, kwa wema uleule. Mke wangu akamwambia, "Kuna mama aliyeshonwa, anarudishwa kwao leo. Nipe ufunguo, halafu wewe kaa nyuma pamoja naye. Mwisho wa safari, umuulize yeye kama nafaa chumba cha simu."

Hayo niliyajua baadaye. Mimi nilikuwa karakana, nimeuma pini mdomoni, ninavuta kitambaa kwenye mgongo wa kochi la mteja mmoja mwenye haraka. Nikaliona gari la wagonjwa linakuja. Honi haikulia. Nikadhani ni Breki.

Gari likapunguza mwendo mbali kabisa na tuta, bila kushtukiza. Likaja linateleza. Gurudumu la kwanza likapanda, likatulia juu, likashuka taratibu. Nyuma yake foleni ikaanza kupiga honi, mtu wa lori akatoa kichwa dirishani akitukana. Gurudumu la nyuma likapanda, likatulia, likashuka. Kikombe cha chai kingevuka tuta lile bila kumwagika. Kwenye dirisha niliona kiwiko cha sare ninachokijua, na mikono miwili kwenye usukani. Hakugeuka kunitazama. Alikuwa anatazama kioo cha ndani, anamwangalia aliyelala nyuma.

"Nani huyo anaendesha kama konokono?" mteja akauliza.

Nikatoa pini mdomoni. "Huyo ni wangu," nikasema, na sauti ikanikatikia njiani. Mteja akadhani pini imenichoma.

Jua lilipoanza kupungua ukali, mkuu wa usafiri alikuja karakana, tai imelegezwa, akakaa kwenye kochi ambalo halijakwisha bila kukaribishwa. Akanisimulia safari. Mama yule alikuwa amemshika mkono tangu wanatoka getini, anaogopa, kwa sababu kila mtu anayetumia ile barabara anajua kuna tuta. Walipokuwa wamekaribia kwao, akafungua macho akamuuliza, "Lile tuta bado?"

"Nikamwambia, mama, tulishalipita zamani," mkuu akasema. "Alikuwa amelala." Akatazama nje, penye tuta. "Ufunguo nimemwachia mkeo. Breki anarudi kwenye dawa zake, na kusema kweli anashukuru."

Nikashika kitambaa nikakikunja.

"Nimekuja kwa kazi," mkuu akaendelea. "Dereva anataka mshono mpya kwenye gari."

"Kiti chake? Kile nilikishona mwenyewe. Hakina kasoro."

"Si kiti chake. Godoro la machela." Akasimama, akajipapasa mifuko, akaonekana anakumbuka jambo alilokaririshwa. "Alisema nikwambie maneno haya hasa, nisiongeze wala kupunguza. Kwamba kiti chake kinamwambia barabara ikoje, na hiyo inatosha. Anayelala nyuma hana haja ya kuambiwa."

Nikachukua futi kamba yangu, nikaenda kupima.